Nihari ya Old Kampala, na yule jaji wa ukutani

Nianze na la muhimu ili wenye haraka waende zao. Chakula kizuri, huduma polepole, choo kiko nyuma na lazima upite jikoni, na ukikaa ile meza ya chini ya feni utaletewa na habari za jaji mmoja wa Pakistan, utake usitake. Nimewapa nyota nne. Hiyo ya tano nitaeleza ilipopotelea ila msinikimbize.

Mahali penyewe ni huku Old Kampala, ukitoka msikiti mkubwa wa Gaddafi unashuka kidogo, mlango mwembamba umebanwa kati ya duka la spea na jamaa wa kutengeneza simu. Kibao ni Kiurdu kitupu. Jina silitaji kwa sababu mwenyewe kanikataza, aliniambia kijana ukiandika jina watakuja watu wa kodi na watu wa kupiga picha chakula, na wote wawili hawamalizi sahani. Mwulize boda yeyote wa stage ya pale, sema nipeleke kwa Mpakistani wa supu, anakupeleka.

Mimi ni mkalimani wa korti, mtoto wa Bombo, Kinubi cha nyumbani na Kiswahili cha kambini, karibu miaka ishirini sasa nasimama kati ya hakimu na mshtakiwa, kwa hiyo mdomo wangu umezoea kusema maneno ya watu wengine na tumbo langu limezoea kula lanchi saa tisa. Siku ya kwanza nilipelekwa na wakili mmoja tunayeonana naye sana kazini, kesi ilikuwa imeahirishwa asubuhi, yeye ana njaa mimi nina njaa, akasema twende nikuonyeshe kitu.

Tuliingia saa sita na nusu. Chakula kilifika saa saba na dakika kumi. Dakika arobaini jamani, na wala hakukuwa na watu wengi, tulikuwa sisi na madereva wawili wa malori na bwana mmoja wa bondi ya magari anaongea na simu kwa sauti ya kuuza gari lenyewe. Kijana wa kuhudumia alipita mara tatu akituangalia kama anatutambua vile, halafu anaendelea. Nilitaka kuamka niondoke, wakili akanivuta shati, tulia wewe, nihari haikimbizwi.

Na kweli. Kwa wasioijua, nihari ni nyama ya ng'ombe ya mguu, ile yenye mishipa na uboho, inapikwa usiku kucha kwa moto mdogo mpaka ukiigusa na kijiko inakubali yenyewe. Mchuzi mzito wa unga na viungo, juu yake tangawizi iliyokatwa nyembamba kama njiti, pilipili mbichi na limau pembeni. Unakula na naan inayotoka tanuri la udongo, moto, ina madoa meusi, mimi ilinikumbusha gurusa ya mama yangu ila hii ni nene na ina kiburi zaidi. Shilingi 25,000 kwa bakuli, naan 3,000. Ghali ndio, lakini bakuli moja wanakula wawili kama hamjaja kushindana. Biriani ya mbuzi ni 22,000 na iko kawaida tu, nimekula bora zaidi kwenye harusi za Bombo, sitamdanganya mtu. Chai yao ya maziwa 4,000, imechemshwa mpaka imekuwa rangi ya matofali, hiyo msiiache.

Sasa turudi kwenye zile dakika arobaini. Ukutani juu ya kaunta kuna picha tatu. Ya kwanza ni Makka. Ya pili ni timu ya kriketi, imepauka kiasi kwamba mpira hauonekani tena. Ya tatu imekatwa gazetini ikawekwa fremu nzuri kuliko zile mbili, mzee wa suti na tai, sura ya upole, chini jina A. R. Cornelius. Nikamwambia wakili kwa sauti ndogo, hawa bado wanatundika wazungu wa ukoloni? Kumbe mwenye hoteli yuko nyuma yangu na mkebe wa limau mkononi.

"Huyo si mzungu bwana. Huyo Mkristo wa kwetu."

Mzee yule kaishi Mombasa kabla ya kuja Kampala na mzigo wa spea miaka ya tisini, Kiswahili chake ni cha pwani chenye ssebo ya Kiganda ndani yake. Akavuta kiti, limau akaliweka mezani petu, akaanza. Alvin Robert Cornelius, kazaliwa Agra, Agra hii yenye Taj Mahal, mwaka 1903. Kasoma Allahabad halafu Cambridge, akaingia utumishi wa serikali ya Waingereza kule India 1926, akapanda ngazi upande wa korti mpaka 1946 akawa jaji wa korti kuu ya Lahore. Mwaka uliofuata nchi ikakatwa vipande viwili, India na Pakistan. Mkristo angeweza kwenda popote, yeye akabaki Lahore akasema mimi Mpakistani. Mzee alisema hapo kwa namna ambayo nilielewa kwamba baba yake mwenyewe hakuchagua, alibebwa na treni tu.

Mimi kilichonishika kwanza ni maneno. Mzee anamwita wakili wangu "vakil sahib". Wakili, vakil. Haki wao wanasema haq, kanuni wanasema qanun, na hata ile insafu ya mashairi ya zamani wao wanaitumia sokoni, insaf. Nimetafsiri maneno haya miaka yote bila kujua yana ndugu mbali hivyo. Nikasahau njaa kidogo.

Halafu akafika 1954. Hapa mzee alikusanya glasi tano za maji kutoka meza za jirani, ya dereva wa lori pia, bila kuomba, akazipanga mbele yetu. Gavana Mkuu wa Pakistan wakati ule, Ghulam Muhammad, alilivunja bunge la katiba tarehe 24 Oktoba 1954, watu walikuwa bado wanaandika katiba ya nchi, akawaambia nendeni nyumbani. Spika wao, Maulvi Tamizuddin Khan, akaenda kortini. Kwao wanasimulia kwamba alipanda rikisho amejifunika baibui ili polisi wasimkamate mlangoni. Korti ya Sindh ikampa haki. Serikali ikakata rufaa Mahakama ya Shirikisho, majaji watano, na Jaji Mkuu ni Muhammad Munir. Machi 1955 hukumu ikatoka. Hawakusema Gavana alifanya vizuri wala vibaya, walisema ile sheria iliyoipa korti ya Sindh nguvu ya kusikiliza kesi haikuwahi kupata kibali cha Gavana Mkuu, kwa hiyo kesi haipo. Yaani unamshtaki mtu halafu unaambiwa karatasi ya mashtaka ilitakiwa isainiwe na yeye. Miaka yote hiyo sheria nyingi zilikuwa zimepita bila hicho kibali na hakuna aliyelalamika.

Mzee akasukuma glasi nne upande huu. Ya tano akaiburuta peke yake mpaka ukingoni mwa meza. "Cornelius." Alikuwa mmoja dhidi ya wanne, akaandika kwamba bunge lile ndilo lilikuwa na mamlaka ya kutunga katiba na sheria zake hazikuhitaji kibali cha Gavana. Hakugoma wala hakujiuzulu wala hakuita waandishi. Aliandika tu, akasaini, akarudi kazini Jumatatu yake.

Katika dakika hiyo hiyo yule kijana wa kuhudumia akapita akaichukua glasi ya tano akaenda kuiosha. Wallahi. Mzee akamwangalia mpaka akapotelea jikoni, akasema "ndio hivyo hivyo," tukacheka mpaka dereva wa lori akageuka, na yeye ndiye hana glasi.

Hapo ndipo nihari ilifika, na ingekuwa mchana mzuri tu kama wakili wangu angekula akanyamaza. Lakini wakili ni wakili. Alikuwa na mfupa mkononi anausukuma uboho, akauliza, mzee, huyo Munir si ndiye wa Dosso?

Uso wa mzee ukabadilika. Ndiye.

Basi nisikilizeni, maana hii mimi sikuijua na nafanya kazi kortini, aibu yangu. Dosso alikuwa mtu wa Loralai huko Baluchistan, kesi ya mauaji, akahukumiwa na baraza la wazee linaitwa jirga badala ya korti ya kawaida, chini ya sheria ya mkoloni ya 1901. Korti ya Lahore ikasema haiwezekani, katiba ya 1956 inasema watu ni sawa mbele ya sheria. Serikali ikakata rufaa. Wakati rufaa inasubiri, tarehe 7 Oktoba 1958, Rais Iskander Mirza akaifuta katiba yenyewe na kuleta utawala wa kijeshi. Siku ishirini baadaye Munir na wenzake wakatoa hukumu, wakamchukua mwanafalsafa wa sheria wa Austria, Hans Kelsen, wakasema mapinduzi yakifaulu basi kufaulu kwake ndio uhalali wake, sheria ya zamani imekufa, mpya imezaliwa. Na usiku wa siku ile ile Jenerali Ayub Khan akamwondoa Mirza, akapelekwa uhamishoni London. Korti imetoka kumbariki mchana, usiku hayupo. Kama ningeitafsiri hii kortini hakimu angeniambia mkalimani sema vizuri.

Wakili akaweka mfupa chini. "Mzee, hiyo hukumu yenu ilipanda ndege ikaja hapa."

Na ilikuja kweli. Aprili 1966 Obote alileta katiba mpya, wabunge wakaambiwa nakala zao watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua, ndiyo maana mpaka leo inaitwa katiba ya kisanduku, waliipitisha kabla ya kuisoma. Mwezi uliofuata jeshi likavamia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo, Kabaka Mutesa akakimbia. Ukisimama nje ya hii hoteli ukaangalia ng'ambo Mengo si mbali, kilima hiki na kilima kile. Chifu mmoja wa saza, yaani kaunti, wa Buganda, Michael Matovu, akawekwa kizuizini, akaenda kortini kudai aachiwe. Korti ikajiuliza hii katiba tunayoitumia ni halali? Jaji Mkuu Udo Udoma, Mnaijeria, na wenzake wawili wakajibu ndiyo, yalikuwa mapinduzi ya kisheria na yamefaulu. Na walipotafuta pa kuegemea, wakaegemea Kelsen, na wakaegemea Dosso. Hukumu ya Pakistan ikawa nguzo Kampala.

"Munir akapata viza," wakili akasema, "Cornelius akabaki Lahore."

Mzee hakujibu. Aliinuka taratibu na limau lake, akaenda kaunta. Mimi nikamkanyaga wakili mguu, tumekuja kula kwa mtu unamletea kesi ya babu zake, lakini nikiwa mkweli nilikuwa nataka na mimi kujua angesema nini. Baada ya dakika kumi alituma sahani ya kababu bila kuoda. Kababu za chapli, bapa, zina mbegu za giligilani unazitafuna, na hizo ni bora kuliko biriani mara mbili. Hazikuingia kwenye bili.

Niseme kitu cha haki hapa, na niliambiwa na wakili tukiwa kwenye takisi tunarudi. Kwenye Dosso Cornelius hakupinga matokeo. Alikubaliana rufaa ya serikali ishinde, ila akaandika yake pembeni kwamba haki za msingi za binadamu ni zake mtu kwa asili, hazifi kwa sababu karatasi ya katiba imefutwa. Kwa hiyo glasi yake safari hii ilikuwa pamoja na zile nyingine, imesogea kidogo tu. Mzee hakuitaja hiyo.

Siku ya pili nilikwenda peke yangu, Jumamosi. Usiende Jumamosi. Kumejaa, feni imezimwa sijui kwa nini, tivii imewashwa sauti ya juu, na nihari iliisha saa saba kasoro. Nikala dengu na naan, 12,000, dengu imekaangiwa vitunguu saumu juu, safi. Parkingi hakuna, walioacha magari barabarani walikuwa wanainuka kila dakika kuchungulia.

Siku hiyo mpwa wa mzee ndiye alikuwa kaunta, kijana wa miaka thelathini na kitu, ana jaji wake tofauti. Kwake Cornelius ni wa babu, yeye na Iftikhar Chaudhry. Huyo wengi mtamkumbuka kwenye taarifa. Jaji Mkuu kutoka Quetta, tarehe 9 Machi 2007 Jenerali Musharraf, rais wakati ule, alimwita akamtaka ajiuzulu, akakataa, akasimamishwa. Mawakili wa nchi nzima wakaingia barabarani na suti zao nyeusi. Kijana alinisimulia safari ya Mei ya mwaka ule, Islamabad hadi Lahore kwa gari, safari ya masaa manne matano, ilichukua siku nzima na usiku kwa sababu kila mji watu wamejaa barabarani na maua, na wakili wake Aitzaz Ahsan ndiye anaendesha. Julai korti ikamrudisha. Novemba Musharraf akatangaza hali ya hatari, Chaudhry akafungiwa nyumbani kwake na majaji kadhaa wakaondolewa, mpaka Machi 2009 ndipo akarudi kwenye kiti.

Nikamwambia kijana, Machi 2007 unanikumbusha mbali. Mimi nilikuwa mgeni kazini. Tarehe 1 Machi 2007 askari waliingia Korti Kuu ya Kampala kuwakamata tena washtakiwa ambao korti imetoka kuwapa dhamana, mara ya pili hiyo, ya kwanza ilikuwa Novemba 2005 na wale jamaa wa nguo nyeusi walioitwa Mamba Weusi, na Jaji Kiongozi James Ogoola alitamka kwamba hekalu la haki limenajisiwa. Safari ya pili majaji wakagoma. Majaji! Nilikaa nyumbani siku zile sijui kama nina kazi au sina, mke wangu ananiuliza umefukuzwa, namwambia hapana, waliogoma ni wakubwa. Na ndani ya siku zile zile kule Pakistan Chaudhry anakataa kujiuzulu. Sikuwahi kuziweka pamoja hizo habari mbili mpaka nikakaa kwenye hoteli ya dengu.

Kutoka jikoni mzee akapaza sauti, mwambie na habari ya mtoto wake! Kijana akanyamaza. Ni kweli 2012 mtoto wa Chaudhry alitajwa kwenye kashfa ya pesa za tajiri mmoja wa majumba, na baba mwenyewe alishatoa hukumu nyingi za kujiitia kesi bila kuitwa, mpaka waziri mkuu Gilani akatolewa ofisini kwa kudharau korti mwaka huo huo. Jaji wa barabarani na jaji wa karatasi, hawa wawili wangekaa meza moja wasingeelewana hata juu ya chumvi. Mimi nilijikuta upande wa mzee ingawa kijana ndiye aliyeniongezea dengu.

Mzee akatoka jikoni anajifuta mikono, akamaliza cha kwake. Cornelius alikuwa Jaji Mkuu tangu 1960 mpaka 1968, chini ya Ayub yule yule, na si jaji wa kupiga saluti. 1963 korti yake ilibatilisha amri ya rais iliyobadilisha katiba ili mawaziri wabaki bungeni. 1964 serikali ilipopiga marufuku chama cha Jamaat-e-Islami, ni korti ya Mkristo huyu iliyosema marufuku hiyo haisimami. Fikiria, jaji mkuu Mkatoliki anawaokoa watu wa Maududi, mwanzilishi wa chama hicho. Na yeye mwenyewe alikuwa akisema hadharani kwamba sheria za Pakistan zijengwe juu ya Uislamu wa wananchi wake, zisibaki za Mwingereza. Watu wa pande zote hawakujua wamweke wapi.

Na ile picha ya kriketi nayo ni yake, kwa namna fulani. Alikuwa makamu wa rais wa bodi ya kriketi ilipoundwa 1948, na ndiye aliyeanzisha Eaglets, vijana wa kupelekwa Uingereza kujifunza mchezo, na 1954 Pakistan ikaifunga Uingereza pale uwanja wa The Oval kwa mikimbio 24. Mzee anaijua hiyo mechi mpira kwa mpira ingawa alikuwa hajazaliwa. Mimi kriketi naishia uwanja wa Lugogo, na 2024 tulipofika kombe la dunia nilishangilia bila kuelewa kitu.

Na aliishi hotelini. Hoteli ya Faletti's, Lahore, miongo na miongo, akafa Desemba 1991. Jaji mkuu mzima anaishi hotelini kama mfanyabiashara wa safari. Mzee alivyosema "hotelini" alikuwa anaangalia hoteli yake, viti vya plastiki, feni iliyozimwa, na nadhani ndiyo sababu ya ile fremu nzuri.

Sasa ile nyota. Niliporudi nyumbani nikatafuta mwenyewe kwenye simu, kazi yangu imenifundisha kwamba shahidi akisimulia vizuri sana kuna sehemu ameruka. Ameruka 1969 mpaka 1971. Jenerali Yahya Khan alichukua nchi, na waziri wake wa sheria alikuwa nani? Cornelius. Na 1972 Mahakama ya Juu ya Pakistan, kesi iliyoletwa na binti mdogo tu, Asma Jilani, ambaye baba yake alikuwa kizuizini, ndiyo binti aliyekuja kuwa Asma Jahangir wakili mkubwa wa haki za binadamu, ikasema Yahya alikuwa mnyang'anyi wa madaraka na Dosso ilikosewa, ikaitupa nje. Kwa hiyo hukumu ya Munir ilizikwa kwao kwenyewe, na serikali aliyoitumikia Cornelius ilizikwa nayo siku moja. Mwaka huo huo, Septemba 21, sisi Jaji Mkuu wetu Ben Kiwanuka alitolewa ofisini kwake Korti Kuu na watu wa Amin, siku chache baada ya kuamuru Mwingereza aliyeshikiliwa bila sheria aachiwe, na hajaonekana mpaka leo. Sikuweza kulala vizuri na haikuwa dengu.

Kwa hiyo nimekata nyota moja, nusu ni ya choo na nusu ni ya Yahya.

Mara ya tatu tulikwenda tena wawili, Jumanne, na hii ndiyo siku ninayowashauri, tulipata nihari, feni inazunguka, chakula kilifika kwa dakika ishirini na tano tu. Wakili alikuja na bahasha. Alikuwa amechapisha hukumu ya Matovu yote, kurasa na kurasa, naye alisema ni ya kuomba msamaha kwa ule mfupa. Mzee akavaa miwani, akapangusa meza kwanza, akaanza kupekua. Hakusoma mwanzo. Alitafuta jina la Dosso kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, alipolipata akaliacha kidole juu yake muda, kama mtu amekutana na ndugu yake mkorofi kwenye kituo cha basi cha nchi ya kigeni.

Nikamwambia nilichosoma juu ya Yahya. Sikutaka, ilitoka tu. Akasema anajua. Akasema, jaji ukimtoa kwenye benchi ni mtu tu, anaitwa na rais anakwenda, mimi picha ile niliikata kwa ajili ya 1955. Halafu akageuza karatasi upande wa mwisho, penye majina.

"Hapa kwenu," akauliza, "nani aliandika peke yake?"

Wakili akatafuna kwanza akameza. "Hakuna mzee. Walikuwa watatu, wote pamoja."

Mzee akaitika kwa kichwa, akairudisha hukumu kwenye bahasha na kuiweka chini ya kaunta penye daftari la madeni. Bili yetu ilikuwa na naan moja ya ziada ambayo hatukula, nikamwonyesha, akaikata kwa kalamu mwenyewe. Tulilipa 62,000 na chai juu, wanapokea pesa ya simu lakini mtandao pale ndani unasumbua, bebeni taslimu.